Maswali ya Wasomaji: Rola Imepita, Je, Udongo Umeshikana?

Barua za safari hii karibu zote zimehusu jambo moja: upimaji wa ushindiliaji wa udongo kwenye matuta, mitaro na misingi. Tumezifupisha na kuziunganisha pale zilipofanana.

Ndugu Mhariri, mkataba unataka tabaka la tuta lishindiliwe hadi asilimia 95. Maabara ya mkandarasi imeandika 97, ya mhandisi mshauri imeandika 91, na mashimo yao yalipishana mita moja tu. Nani anatudanganya?
*Msimamizi wa kazi*

Huenda hakuna anayedanganya. Kabla ya kugombana, waulize wote wawili swali moja: asilimia 95 ya nini?

Asilimia hiyo hupatikana kwa kugawanya densiti kavu (uzito wa udongo bila maji yake kwa kila ujazo) ya udongo wa pale kazini kwa densiti kavu ya juu kabisa iliyopatikana maabara. Sasa, maabara ina njia mbili za kuipata hiyo ya juu. Ya kwanza ni kipimo cha kawaida cha Proctor, kilichotokana na kazi ya mhandisi Mmarekani Ralph Proctor aliyoichapisha mwaka 1933 kuhusu mabwawa ya udongo. Nyundo ya kilo 2.5 huangushwa kutoka kama sentimita 30, na udongo hujazwa kwa matabaka matatu. Ya pili ni Proctor nzito iliyokuja baadaye, mitambo ilipokua: nyundo ya kilo 4.5, sentimita 45, matabaka matano. Nguvu inayoingia kwenye udongo katika ile nzito ni karibu mara nne na nusu ya ile nyepesi.

Chukua udongo mmoja. Kwa nyundo nyepesi unatoa 1.80 (tani kwa mita ya ujazo), kwa nzito unatoa 1.92. Kazini mmepata 1.75. Gawanya kwa 1.80, unapata 97. Gawanya kwa 1.92, unapata 91. Shimo ni lile lile na udongo ni ule ule. Fungueni vipengele vya kiufundi vya mkataba. Lazima vitaje ni Proctor ipi. Kama havitaji, pata jibu la maandishi kutoka kwa msanifu kabla tabaka lingine halijamwagwa, maana kuamua baada ya kupima ni kuchagua jibu.

Kama mnatumia kipimo kimoja na bado mnatofautiana hivyo, angalieni sampuli ya maabara ilichukuliwa wapi na lini. Machimbo hubadilika. Mchanga ukizidi kidogo, rangi ikigeuka, mkunjo wa Proctor (mchoro wa densiti kavu dhidi ya unyevu, ambao kilele chake ndicho densiti ya juu) wa mwezi uliopita hauhusiani tena na udongo unaoletwa leo.

Mimi ni fundi sanifu mpya. Naomba nielezwe kipimo cha kumwaga mchanga, hatua kwa hatua, na wapi watu hukosea.

Lengo ni kujua ujazo wa shimo kwa mchanga unaolijaza, na kazi inaanzia maabara. Unahitaji mchanga mkavu kabisa, msafi, wenye chembe zinazolingana kwa ukubwa, kama kati ya milimita 0.3 na 0.6. Umwage kwa chombo kile kile utakachotumia kazini, ndani ya kopo la ujazo unaojulikana lenye kina kinachokaribiana na shimo lako. Hapo unapata uzito wa mchanga kwa kila sentimita ya ujazo; tuseme gramu 1.42. Kisha pima mchanga unaojaza koni (faneli iliyo chini ya chombo) peke yake juu ya sehemu bapa. Tuseme gramu 1,450.

Kazini, sawazisha mahali pa kupimia hadi sinia (bati lenye tundu katikati) likae bila kuyumba. Kama ni mchanga au changarawe iliyotetemeshwa na rola, kwangua kwanza sentimita chache za juu, kwa sababu mtetemo huacha ngozi ya juu ikiwa legelege. Chimba ndani ya tundu la sinia hadi mwisho wa tabaka, kawaida sentimita 15, bila kuingia tabaka la chini. Hapa ndipo mkono unapomsaliti fundi. Ukiegemeza patasi kwenye ukuta wa shimo ili ukongoe jiwe, unausukuma ukuta nje. Shimo linakua, udongo uliotoa haujaongezeka, na tabaka zuri linaonekana bovu. Kongoa kuelekea katikati. Kila punje iingie kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na vumbi la chini ambalo hukusanywa kwa brashi.

Weka chombo cha mchanga juu ya tundu, fungua bomba, subiri mchanga utulie kabisa, funga, pima kilichobaki. Wakati huo rola na matipa yasimame. Mtetemo hushindilia mchanga ndani ya shimo, unaingia mwingi kuliko ilivyopaswa, ujazo unaonekana mkubwa na densiti inashuka.

Hesabu yake ni hii. Mchanga wa mwanzo gramu 6,000, uliobaki 2,310, wa koni 1,450. Kwa hiyo ulioingia shimoni ni 2,240. Gawanya kwa 1.42: ujazo wa shimo ni sentimita za ujazo 1,577. Udongo uliotoka una gramu 3,150. Densiti mbichi ni 3,150 kwa 1,577, yaani 1.997.

Sasa unyevu. Gramu 500 za udongo wa shimo hilo hilo zimekaa kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi 110 hadi uzito ukaacha kushuka, kwa kawaida usiku kucha, zikabaki 449.6. Maji ni gramu 50.4. Yagawanye kwa uzito *mkavu*: asilimia 11.2. Densiti kavu ni 1.997 kwa 1.112, yaani 1.796. Kama kilele cha maabara ni 1.88, umepata asilimia 95.5. Umepita, ingawa kwa unyoya.

Angalia kinachotokea ukigawanya maji kwa uzito mbichi, kosa la kila siku. Unyevu unakuwa 10.1, densiti kavu inapanda hadi 1.814, na asilimia inasoma 96.5. Umejipa alama moja ya bure. Mchanga wa kipimo ukiwa na unyevunyevu nao hupendelea: haujipangi vizuri, unaingia kidogo, shimo linaonekana dogo na densiti kubwa. Ndiyo maana mchanga uliotumika huchekechwa na kukaushwa upya kabla ya kurudi kazini. Kukausha udongo kwenye kikaango juu ya jiko hufanya kinyume. Moto ukizidi huunguza mabaki ya mimea na kutoa hata maji ambayo oveni haiyahesabu, unyevu unasomeka mkubwa, na densiti kavu inashuka.

Majibu yetu yanatoka 102, 103. Mkandarasi anafurahi. Nifurahi naye?

Asilimia 100 siyo ukuta. Ni nguvu ya nyundo fulani tu, na rola nzito ya siku hizi inaweza kuipita, hasa kama mnatumia Proctor ya kawaida. Kwa hiyo 102 peke yake si kosa.

Lakini kuna ukuta wa kweli, nao ni hewa. Udongo hauwezi kuwa na hewa chini ya sifuri. Kama chembe zake ni nzito mara 2.65 ya maji, densiti kavu ya juu inayowezekana kwa unyevu wowote ni 2.65 gawanya kwa (1 + 2.65 mara unyevu). Kwa unyevu wa asilimia 11, unapata karibu 2.05. Kwa asilimia 15, unapata karibu 1.90.

Tuseme kilele chenu ni 1.88 na fomu inasema 103, yaani 1.936. Kama unyevu wa shimo ni 11, inawezekana. Kama ni 15, haiwezekani hata kama rola ingekuwa na uzito wa mlima. Moja ya namba zile imeharibika: ama mchanga ni mbichi, ama unyevu ulichukuliwa kwenye kopo jingine, ama mtu ameketi kivulini akajaza fomu. Hesabu hii huchukua dakika moja na ningeifanya kwa kila jibu kabla ya kusaini.

Chanzo kingine cha namba za juu ni mawe. Maabara huondoa mawe makubwa kuliko kama milimita 19 au 20 kabla ya kupiga nyundo, kisha kazini shimo lako linaangukia kwenye rundo la mawe. Jiwe ni zito kuliko udongo, na asilimia inapaa bila udongo wenyewe kushikana. Chekecha kilichotoka shimoni, pima mawe, fanya masahihisho. Mawe hayo yakizidi takriban asilimia 30 ya uzito, kipimo cha Proctor kimekwisha kazi yake. Hapo tumia idadi ya mapito ya rola iliyothibitishwa kwenye kipande cha majaribio, na jaribio la lori lenye mzigo.

Tuliamriwa tuongeze maji kwenye tabaka. Boza ngapi? Kila mtu anakisia.

Msikisie, ni hesabu ya darasa la sita. Kipande chenu kina urefu wa mita 200, upana 8, unene 0.15 baada ya kushindiliwa: mita za ujazo 240. Kwa densiti kavu ya 1.80, huo ni udongo mkavu wa tani 432. Udongo una unyevu wa 7, unatakiwa 12. Pengo la asilimia 5 la tani 432 ni tani 21.6, yaani lita 21,600. Boza la lita 10,000 litakwenda mara mbili na kidogo. Jua likiwa kali na upepo ukivuma, ongeza ya kufidia yanayopotea hewani.

Kumwaga ni nusu ya kazi. Maji yakibaki juu mnapata kaki: ngozi ngumu juu, unga mkavu chini. Greda ligeuze udongo huku boza likimwaga kidogo kidogo, hadi rangi iwe moja kutoka juu hadi chini. Udongo mfinyanzi wenye mabonge uacheni ulale na maji usiku mmoja. Maji hayaingii ndani ya bonge kwa dakika kumi.

Mkononi, udongo wenye unyevu mzuri ukiufumbata unashikana bila kuacha kiganja kimelowa, na bonge ukiliangusha kutoka kiunoni linavunjika vipande vichache. Likimeguka kuwa vumbi kabla halijaanguka, bado. Likibandika kama chapati, mmepitiliza. Hiyo ni dira ya kuamua boza liendelee au lisimame, haichukui nafasi ya oveni.

Msomaji mwingine ameuliza kwa nini wasishindilie pakavu, maana "rola ikipita mara nyingi panakuwa pagumu tu". Panakuwa pagumu, kweli. Udongo mkavu hujipanga ukiwa na matundu mengi, na kinachoyashikilia ni ukavu wenyewe. Maji yakifika, matundu yanaporomoka na tuta linazama bila mzigo wowote kuongezwa. Ugumu wa kiangazi haukuambii lolote kuhusu masika.

Tabaka la mfinyanzi linacheza kama godoro tukipita na tipa. Kipimo kimetoka 96, lakini mhandisi mshauri amekataa. Mkandarasi anataka kuongeza mapito ya rola.

Mhandisi yuko sahihi, na rola isimame sasa hivi. Densiti inaweza kupita huku tabaka likicheza. Hewa imekwisha ndani, kilichobaki ni maji, na maji ya mfinyanzi hayana pa kukimbilia kwa haraka. Kila pito jipya linasukuma mzigo kwenye maji hayo, udongo unajikunja mbele ya gurudumu na kurudi nyuma yake, na unazidi kukatika ndani. Ndiyo maana mikataba makini hutaka densiti pamoja na mipaka ya unyevu, kwa mfano asilimia 2 juu au chini ya unyevu wa kilele.

Chimbeni kishimo kwanza. Mara nyingi tabaka la juu halina kosa. Lililolowa ni la chini yake, lililonyeshewa likafunikwa kwa haraka. Kama ni la juu, lichambueni kwa meno ya greda sentimita 15 hadi 20, ligeuzwe juani, lishindiliwe tena likirudi kwenye mipaka. Jua likikosekana, chokaa ya ujenzi hukausha na kuupa mfinyanzi nguvu, kwa kiwango kilichopimwa maabara na si kwa mifuko ya kubahatisha. Kama la chini ndilo bovu, litoeni. Kufunika uji hakuugeuzi kuwa ugali.

Wingu likionekana jioni, fungeni uso kwa rola laini na mteremko wa kutoa maji pembeni. Rola ya miguu ya kondoo (yenye vidole vya chuma) ikiachwa kuwa ya mwisho, kila shimo lake ni kikombe cha mvua.

Rola ipite mara ngapi?

Hakuna namba ya kuazima. Tengenezeni kipande cha majaribio kwa udongo wenu na rola yenu, unene ule ule, unyevu ule ule. Pimeni baada ya mapito 4, 6, 8 na 10. Densiti itapanda halafu itajilaza. Pale inapojilaza ndipo pa kuishia. Isipofika kiwango hata kwa mapito 10, punguzeni unene au angalieni unyevu. Mwendo wa rola uwe wa mtu anayetembea kwa miguu. Dereva anayekimbia ili amalize kabla ya saa ya chakula anaacha mawimbi, na katikati ya wimbi na wimbi hapajaguswa.

Je, DCP (kifaa cha kupigilia koni ardhini) inaweza kuchukua nafasi ya kipimo cha mchanga?

Hapana, ila ni msaidizi mzuri. Nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575 hupigilia koni ardhini, nawe unasoma imeshuka milimita ngapi kwa pigo. Hiyo ni nguvu, siyo densiti. Milimita 10 kwa pigo, kwa fomula ya TRL (maabara ya utafiti wa usafiri ya Uingereza), ni CBR, yaani kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, ya kama 26. Siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, pakilowa namba itabadilika sana. Itumie kutafuta udhaifu uliofichika: piga kila baada ya mita chache kwenye kingo za tuta, karibu na chemba, nyuma ya ukuta wa daraja. Koni ikikimbia ghafla kwenye kina cha sentimita 30, hapo ndipo pa kuchimba shimo la mchanga. Wapimaji wengi huweka mashimo yao katikati ya barabara, pale matipa yalipopita siku nzima, na kingo hazipimwi hadi zitakapopasuka.

Mashine ya nyuklia inatupa unyevu mkubwa ndani ya mtaro kuliko oveni. Imeharibika?

Si lazima. Mashine hii, inayopima densiti na unyevu kwa mionzi, huhesabu unyevu kwa nyutroni zinazopunguzwa mwendo na haidrojeni. Ndani ya mtaro mwembamba, kuta zenye unyevu nazo hurudisha nyutroni, na mashine hudhani yote yametoka chini yake. Unyevu unapanda, densiti kavu inashuka. Chukueni hesabu ya msingi ndani ya mtaro na nje yake, tofauti yake itolewe kama kitabu cha mashine kinavyoeleza. Udongo wenye mabaki ya mimea au jasi pia huidanganya, kwa sababu una haidrojeni isiyo ya maji. Hapo lazima mlinganishe na oveni. Na anayeibeba awe na kibali na beji ya mionzi, hata kama kazi ni ya nusu saa.

Najenga nyumba ya kawaida, sina maabara. Kifusi cha ndani ya msingi kina kina cha mita 1.2. Fundi anasema tumwagie maji kikae chenyewe. Inatosha?

Kama kifusi ni mchanga safi na maji yana pa kutokea chini, kumwagia husaidia kiasi. Kama kina udongo mfinyanzi, unatengeneza godoro la hapo juu, safari hii chini ya sakafu yako.

Hesabu ya hatari ni hii. Kifusi kilichomwagwa na kukanyagwa kwa miguu kikiwa kwenye asilimia 85, kisha polepole kikajikaza hadi 95, kinapungua unene kwa zaidi ya moja ya kumi. Kwa mita 1.2 ni kama sentimita 12. Sakafu haishuki sentimita 12 kwa utaratibu; inabaki ikining'inia juu ya pengo hadi siku itakapopasuka.

Mwambie fundi ajaze kwa matabaka. Kwa kishindilio cha mkono, sentimita 10 za udongo mlegevu. Kwa kompakta ya sahani, 15. Chora mistari kwa chaki kwenye kuta za msingi kila sentimita hizo, ili tabaka lisinenepe huku umegeuza mgongo. Lowesha kila tabaka hadi lile jaribio la kufumbata likubali, shindilia ukianzia pembeni kuelekea katikati, na pembe na kandokando ya ukuta zirudiwe, maana mashine haifiki hapo vizuri. Kifusi kijazwe pande zote mbili za ukuta kwa pamoja. Ukijaza upande mmoja unausukuma ukuta ambao saruji yake bado changa. Rola nzito ikae angalau mita moja kutoka ukutani.

Kisha chukua nondo ya milimita 12 na uisukume kwa mikono, katikati na kwenye kila pembe. Ikisimama baada ya sentimita chache kila mahali, endelea na tabaka linalofuata. Ikisimama katikati na kuzama pembeni, rudini pembeni leo, kabla ya zege.